Mtu wa Wastani

Mwenye bucha alikuwa amekiri. Sajini alilitangaza jambo hilo kwenye korido ya makao makuu ya polisi, mjini pwani, huku akijifuta mikono kwa kitambaa, kama fundi magari aliyemaliza kushusha injini. Walimwita Nondo. Wageni walidhani ni kwa sababu ya mwili wake mwembamba na mgumu, mpaka walipokiona kipande cha chuma alichokiegesha nyuma ya mlango wa chumba cha mahojiano.

"Amemwaga yote, afande," alimwambia Inspekta. "Alivyomkata mdogo wake, alivyomtia kwenye gunia, alivyotupa kichwa na viganja mtoni. Kesho asubuhi anapanda mahakamani. Hii ni ya kamba, hii."

"Amesema mwenyewe au umemsemea?"

"Mdomo ni wake."

Inspekta alimpita akaingia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo iliwafanya watu wainame ili wamsikie. Mwenye bucha alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe na vidole vya mkono wa kushoto vilielekea pande ambazo vidole havielekei. Alipoona mlango umefunguka aliinua mikono yote miwili kuziba uso.

Maiti ilikuwa imeokotwa ndani ya kalvati, kando ya barabara kuu, katika mji ulio katikati ya pwani na milima. Haikuwa na kichwa wala viganja. Katika mji huo huo mwenye bucha alikuwa amegombana na mdogo wake mbele za watu, na mdogo wake akatoweka. Vinasaba havikusaidia, maana mdogo mtu alikuwa wa kulelewa, hakuna damu ya kulinganisha naye. Kilichobaki kumfunga mwenye bucha kilikuwa ubavu mmoja wa marehemu, uliopimwa kwa mkemia wa serikali, na Inspekta mwenyewe ndiye aliyeupeleka.

Alichuchumaa mbele yake.

"Viganja ulivikata wapi?"

"Kwenye mfupa, afande. Hapa juu kidogo. Nilipiga panga, nikarudia, nikarudia tena."

"Na dukani kwako, mguu wa ng'ombe unaukata wapi?"

Kwa mara ya kwanza yule mtu alishusha mikono. Swali hili alikuwa na jibu lake. "Kwenye kiungo. Unaingiza ncha ya kisu, unakata ule ukano, mguu unaachia wenyewe."

"Kwa nini usipige mfupa?"

"Kisu kinakufa, afande. Na nyama inajaa vipande vya mfupa, mteja anarudi anakutukana. Mfupa anapiga mtu asiyejua..." Jicho lake zima likaenda mlangoni, aliposimama Nondo. Mikono ikapanda tena. "Lakini siku ile nilipiga mfupa. Hasira, afande. Nilipiga mfupa."

Inspekta aliinuka. Alikuwa ameiona shingo ya marehemu kwenye chumba cha maiti, imepigwa panga mara kadhaa kama mtu apasuaye kuni mbichi, pigo moja likiwa limechupa na kung'oa ngozi ya kisogo. Hakuna mtu wa bucha ambaye angekata vile, hata akiwa amelewa chakari.

"Usimguse mpaka nirudi," alimwambia Nondo.

"Ameshakiri. Nimguse tena wa nini?"

Jibu hilo halikumridhisha Inspekta hata kidogo, lakini alikuwa na siku moja tu.

*

Mkemia alikuwa mtu wa kiburi cha kupendeza. Alizungumza na mashine yake kama mtu azungumzavyo na mke wa pili, kwa upole na kwa kuangalia nyuma. Maabara ilikuwa na baridi, friza ilikoroma kwenye kona, na ukutani ilining'inia chati kubwa ya elementi iliyopauka kwa jua.

"Ubavu wako nimeshaumaliza," alisema. "Nimeandika na nimetia sahihi. Unataka niimbe?"

"Nataka unieleze upya. Kama unamweleza mtoto wa shule."

"Mtoto wa shule angenielewa mara ya kwanza." Lakini alivuta stuli. "Haya. Kila atomu ya oksijeni ina protoni nane katikati yake. Ikiwa na saba au tisa, hiyo ni elementi nyingine, ina jina lake. Ila zipo nutroni pia, na hizo zinaweza kuzidi. Oksijeni nyingi zina nutroni nane. Nane na nane?"

"Kumi na sita."

"Chache zina kumi. Kumi na nane kwa jumla. Ni oksijeni vile vile, unaivuta, unainywa, mwili haubagui. Isipokuwa ni nzito kidogo. Hizo ndizo isotopu. Jina moja, tabia moja, uzito tofauti, na mashine yangu inajua kuzitenganisha."

"Sasa mji unaingiaje hapo?"

"Kwa mvua. Wingu likitoka baharini, maji yenye oksijeni nzito yanadondoka mapema, huku chini. Likipanda bara linabaki na nyepesi, na likifika milimani ndiyo kabisa. Watu wanakunywa mvua yao, inaingia mifupani. Mtu wa pwani ana namba ya juu, mtu wa milimani namba ya chini. Ubavu wako umeangukia katikati. Mji wa katikati. Pale pale gunia lilipookotwa. Mimi nilidhani utanishukuru."

Inspekta aligeukia ukuta. Macho yake yalikuwa kwenye chati. Alikuwa amesoma vitu hivi zamani, akavijibu kwenye mtihani, akavisahau siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana.

"Klorini," alisema. "Imeandikwa thelathini na tano na nusu. Hiyo nusu ni ya nini? Kuna protoni iliyokatwa?"

Mkemia alicheka. "Hakuna kukatwa. Klorini ziko aina mbili. Moja ina uzito wa thelathini na tano, nyingine thelathini na saba. Ukichota nne, tatu ni nyepesi na moja nzito. Jumlisha, gawanya, unapata thelathini na tano na nusu. Hiyo ndiyo masi ya atomu inayoandikwa kwenye chati. Ni wastani."

"Na zile zenye uzito wa thelathini na tano na nusu kamili ni ngapi?"

"Hakuna. Ukipekua bahari yote, chumvi yote iliyomo, hutapata hata moja ya..."

Mkono aliokuwa ameuinua kuelekea chati ulibaki hewani, kisha ukashuka taratibu mpaka gotini.

"Ubavu unachukua muda gani kujijenga?" Inspekta aliuliza.

"Miaka."

"Kwa hiyo umenipimia nini?"

"Wastani wa miaka." Mkemia alivua miwani. Alionekana kuzeeka hapo hapo kwenye stuli. "Nimepata wastani nikautafutia nyumba ya kuishi. Nikautafutia mji, nikautia sahihi. Mtu huyu huenda hakukaa mji wa katikati hata wiki moja. Anaweza kuwa alikunywa maji ya pwani nusu ya maisha yake na ya milimani nusu nyingine, na mfupa ukachanganya kama mtu akorogavyo chai."

"Kuna mtu amevunjwa vidole kwa ajili ya hiyo chai."

"Najua."

"Hujui. Twende kwenye friza. Kuna nini humo ambacho hakijakorogwa?"

Kilikuwemo kipande cha kisogo. Kilitunzwa ndani ya mfuko wa plastiki, ngozi yenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, damu imeganda pembeni ikawa nyeusi, na juu yake umening'inia msuko mmoja wa nywele wenye urefu wa kidole. Panga lilipochupa ndilo lililoung'oa, na muuaji hakuona ulipoangukia ndani ya gunia. Mkemia alikuwa ameshaosha na kukausha baadhi ya nywele zile kwa ajili ya kipimo cha sumu ambacho hakikutoa kitu. Hakuwa amefikiria kuzipima kwa lolote jingine, kwa kuwa ubavu ulikwishampa jibu alilolipenda.

"Nywele haichanganyi," alisema, na mikono yake sasa ilikuwa imepata kasi. "Ikishatoka kichwani imetoka. Inakua kama upana wa kidole kwa mwezi. Kwenye shina kuna mwezi wa mwisho wa maisha yake, kwenye ncha kuna miezi kadhaa nyuma. Tutaikata vipande na kila kipande kitasema maji yake."

Alizipanga nywele shina kwa shina, akazikata kwa wembe, akaviviringisha vipande ndani ya vikombe vidogo vya bati laini na kuvilisha mashine kimoja kimoja. Inspekta alisimama nyuma yake asubuhi yote. Mara mbili simu yake iliita, mkubwa wake akitaka kujua anasubiri nini ilhali mtu ameshakiri. Mara ya pili aliizima.

Mstari ulipojichora kwenye kioo, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ulipanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka, kama meno ya msumeno. Juu pwani, chini milimani.

"Mwezi huku, mwezi kule," Mkemia alisema. "Mfanyabiashara?"

"Mfanyabiashara anakwenda mali ikiisha. Huyu anapanda na kushuka kwa kipimo." Inspekta aliweka kidole kwenye mwisho wa mstari. "Hapa ndipo shina?"

"Ndipo."

"Na hapa maji ni ya pwani."

"Ya pwani kabisa."

"Basi aliuawa anapanda. Alikuwa ametoka kumaliza mwezi wake huku chini, akafia njiani. Waliokuwa wakimngoja wako milimani, na hao hawakutangaza kwamba mtu wao hakufika. Na nyumbani kwake wanaamini alifika. Ndiyo maana hakuna aliyekuja kumtafuta."

Mkemia alimtazama. "Ni kazi gani ya namna hiyo?"

"Mgodi," alisema Inspekta, akaiwasha simu.

*

Msimamizi wa kambi ya mgodi alikuwa mtu wa kupiga kelele, labda kwa sababu ya mitambo iliyokuwa ikinguruma nyuma yake.

"Zamu hii? Walipanda wote. Kila kitanda kina mtu."

"Mtu yule yule anayekilalia siku zote?"

"Ah, hapo sasa. Kuna fundi baruti mmoja aliumwa, tukaweka mtu wa muda."

"Nani alikuambia anaumwa?"

"Mwenzake wa kitanda. Huku kila kitanda kina wenyewe wawili, mama. Huyu akipanda, yule anashuka. Mabasi yanakutana mji wa katikati, wanalala hapo, asubuhi kila mtu anashika njia yake. Sasa yule aliyekuwa anashuka akanipigia, shemeji ana homa, nimemwambia arudi nyumbani. Ni shemeji yake kweli, kaka wa mkewe. Yeye ndiye aliyemwombea kazi hapa."

"Mlimpigia mgonjwa mwenyewe?"

"Simu yake haipatikani. Tukasema mgonjwa, alale."

"Nywele zake zikoje?"

Msimamizi alicheka. "Anasuka bwana yule. Kichwa kizima. Sisi tunamwita Bibi Harusi. Vipi, amepona?"

Inspekta aliandika anwani ya nyumbani kwa fundi yule kwenye mkono wake, akamshukuru. Kisha alimwita Nondo aje na gari. Hakuwa na mtu mwingine wa kumchukua, na kwa vyovyote alitaka Nondo aone kwa macho yake.

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mabati, yenye ua mdogo wa saruji na udongo. Mwanamke alikuwa akianika nguo. Mkono wake wa kulia haukunyooka. Ulikuwa umevunjika zamani na kuungwa vibaya, hivyo alitupia nguo kambani kwa mkono wa kushoto na kuzibana kwa meno. Zilikuwa shati za kiume. Kaka yake aliketi kwenye kizingiti, mtu wa mabega makubwa, akinoa panga kwa tupa. Nyasi za pembeni mwa ua zilikuwa zimefyekwa nusu.

"Karibuni," mwanamke alisema. Alipoona sare ya Nondo alishusha shati. "Kuna nini?"

"Amani, dada. Namtafuta mumeo."

"Yuko kazini, milimani. Yupo huko mwezi wote huu, na kaka ananiambia wamemwongezea na mwingine. Namfulia shati zake akirudi azikute."

"Nani aliyemwona mara ya mwisho?"

"Kaka. Walipishana njiani."

Tupa ilikuwa imeacha kukwaruza. Inspekta alimgeukia yule mtu. "Alikuwa mzima?"

"Mzima wa afya," alisema kaka. "Tulikula pamoja, tukalala. Asubuhi akapanda basi lake nikamwona kwa macho yangu."

"Hakuwa na homa?"

"Homa ya nini?"

"Msimamizi wako anasema ulimpigia simu. Shemeji ana homa, nimemrudisha nyumbani."

Mwanamke aliangalia mmoja, akaangalia mwingine. Kaka alilaza panga mapajani, akashusha pumzi kama mtu aliyelemewa na siri ya watu.

"Dadangu, nisamehe. Sikutaka uyasikie hivi." Alisema taratibu, kwa huruma, na Inspekta alikiri moyoni kwamba jamaa anajua kutunga. "Ana mwanamke pale mji wa katikati. Muda mrefu. Aliniomba nimfichie, apumzike huko mwezi mmoja. Ndiyo nikadanganya huku na kule. Kosa langu ni hilo."

Mwanamke alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulia. Nondo alimtazama Inspekta kwa uso uliosema, si unaona, tumekuja bure. Uongo ule ulikaa vizuri kila mahali. Ulieleza simu, ulieleza ukimya, ulieleza hata kwa nini mtu awe mji ule. Inspekta aliuacha upite, akasogea kwenye kamba ya nguo.

Kamba ilifungwa kati ya ukuta na nguzo ya mti. Nguzo ilikuwa nyembamba, ya kubeba shati na shuka tu. Lakini chini yake lilimwagwa zege ambalo bado ni jipya, jeupe, pana kama sinia, zege la kusimamishia geti la chuma. Upande mmoja lilikuwa limepasuka ufa mwembamba, na juu ya ufa nzi walikuwa wakigombea nafasi.

"Nguzo hii ni ya lini, dada?"

"Kaka ndiye aliyeisimamisha siku aliyoshuka. Ya zamani ilioza. Nilimwambia mume wangu mpaka nikachoka." Alisema bila kuinua kichwa. "Alifika jioni na mizigo yake, hata chai hakunywa, akaanza kuchimba."

"Sajini," Inspekta alisema. "Kuna nyundo kwenye gari. Ilete."

Nondo alikuwa amegeuka tu yule mtu aliposimama. Hakupiga kelele wala hakutisha. Alivuka ua kwa hatua ndefu akapiga panga kutoka juu, na Nondo, ambaye alijikinga kwa mkono, alisikia mfupa wake ukiitika kabla hajasikia maumivu. Pigo la pili lilimkosa shingo likamchana bega. Alianguka juu ya beseni la kufulia, maji ya sabuni yakamwagika mekundu, na panga likapanda tena.

Inspekta alifyatua. Risasi ya kwanza iliingia pajani. Yule mtu alimgeukia kana kwamba ameitwa jina, akaja, akiburuta mguu, panga likiwa bado mkononi. Risasi ya pili ilivunja goti. Alianguka kifudifudi, akajaribu kutambaa, na Inspekta akamkanyaga kiganja mpaka vidole vilipoachia mpini.

"Pingu," alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Nondo alijiinua, mkono mmoja ukining'inia. Alimfunga mtu yule kwa mkono uliobaki, na alipomaliza aliinua buti kumpiga usoni.

"Shusha huo mguu."

"Amenikata, afande."

"Nimeona. Shusha."

Alishusha. Inspekta alileta nyundo mwenyewe. Zege lilikataa kwanza, kisha likapasuka kwenye ule ufa, na harufu ikawarudisha wote nyuma. Ndani yake kulikuwa na mfuko wa nailoni. Ulikuwa umechanika upande, na kutoka kwenye tundu ulitokeza msuko, na mwingine, safi, wa mstari ulionyooka, kama vile ulisukwa jana. Inspekta hakuhitaji kufungua zaidi. Alifunika kwa shati la kwanza lililokuwa karibu, na alipogundua ni shati la nani, alikuwa ameshachelewa kulitoa.

Mwanamke alikuwa amesimama. Mwezi mzima alikuwa akianika nguo za mumewe juu ya kichwa cha mume mwenyewe.

"Ulipanda nayo basi," alisema. "Mizigo yako. Ukaipakata njia nzima."

"Alikuvunja mkono," kaka alisema kutoka chini. Uso wake ulikuwa kwenye udongo na alikuwa akitetemeka kwa kupoteza damu. "Mara nyingine akakupiga teke, mimba ikatoka. Usiku ule tumelala chumba kimoja akanihadithia, anacheka. Ananihadithia mimi, kaka yako. Nilisubiri alale. Ulitaka ningoje nini, akuzike?"

"Mwezi anapiga, mwezi hayupo. Nilikuwa naishi hivyo hivyo." Alimwinamia kaka yake. "Nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Na sasa wewe nani atakupikia huko wanakokupeleka?"

Kaka alianza kulia. Mwanamke aliingia ndani, akatoka na shuka, akalichana kwa meno na mkono mzima. Alimfunga kaka yake paja, akamfunga Sajini bega, kwa zamu. Inspekta aliita gari la wagonjwa.

*

Jua lilikuwa linazama aliporudi makao makuu. Kwa mkubwa wake alitumia maneno machache, na mkubwa alikuna kidevu, akauliza kama ni lazima jambo la ubavu lielezwe kwenye faili. Inspekta alisema ni lazima. Kuhusu mdogo wa mwenye bucha, alikokwenda na kama bado anapumua, hilo lilikuwa jambo jingine la siku nyingine, lakini kwenye gunia hakuwamo, na mtu hawezi kunyongwa kwa kumuua asiyekuwamo kwenye gunia.

Alichukua funguo za mahabusu mwenyewe. Alitaka awe yeye wa kumwambia. Alikuwa amemnunulia maji na mkate, na njiani alikuwa ametafuta maneno ya kuombea radhi, akayapata mabaya na mazuri, akachagua yale mafupi.

Mwenye bucha alikuwa pale pale ukutani. Mtu fulani alikuwa amemfunga vidole kwa kitambaa kichafu. Mlango ulipolia, mikono ilipanda usoni.

"Ni mimi," Inspekta alisema. "Hakuna atakayekupiga. Tumempata aliyeua, amekiri, na kichwa tumekipata. Maiti si ya mdogo wako. Inuka, nikupeleke hospitali, kisha nyumbani."

Yule mtu alimtazama kupitia vidole. Midomo ilianza kutembea kabla sauti haijatoka.

"Nilimkata shingo kwanza, afande. Kisha viganja. Nilipiga mfupa, nikarudia."

"Hapana. Sikiliza. Hukumkata mtu. Kesi imekwisha."

"Nikamtia kwenye gunia. Nikatupa kichwa mtoni."

Inspekta aliweka mkate chini, akakaa sakafuni pia, mbali kidogo, mikono yake ikionekana. "Kichwa hakikuwa mtoni," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Kilikuwa kwenye zege, uani kwa watu, huku pwani. Hukukigusa. Umenielewa?"

Mwenye bucha aliitikia kwa kichwa haraka, mara nyingi, kama mwanafunzi aliyesahihishwa. Alijikaza, akaketi wima, akafunga jicho lake moja zima ili akumbuke vizuri.

"Kwenye zege, afande," alisema. "Nilikitia kwenye zege. Uani kwa watu, huku pwani."